Hadithi Isiyo na Mwenyewe: Mumiani, Redio na Damu ya Jirani

Wapendwa katika Kristo, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la kitoto, kumbe limekwisha kumwaga damu ya watu wengi: hadithi za wanyonya damu. Wazee wetu wa Kibiti, wa Bungu, wa Nyamisati na wa vijiji vya delta wamekua wakizisikia kwa jina la mumiani. Watoto wao wakazisikia kwa jina la chinjachinja. Na huko ng'ambo, katika miaka ile ambayo redio ilikuwa ndiyo mfalme wa sebule, hadithi za namna hiyo zilichezwa hewani, zikasikilizwa na familia nzima baada ya chakula cha jioni, kisha watu wakaenda kulala salama.

Hapo ndipo penye swali letu. Inakuwaje hadithi ya aina moja, mahali pamoja iwe burudani, na mahali pengine iwe hukumu ya kifo? Tusikimbilie kujibu kwamba wale walikuwa na elimu na hawa hawakuwa nayo. Historia inakataa jibu hilo, kama tutakavyoona.

MNYONYA DAMU HEWANI

Tarehe 11 Julai 1938, shirika la utangazaji la CBS la Marekani lilianza kurusha mfululizo wa michezo ya redio wa kundi lililojulikana kama The Mercury Theatre on the Air. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Orson Welles, kijana wa miaka 23. Mchezo wa kwanza kabisa waliouchagua ulikuwa Dracula, uliotokana na riwaya ya Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1897. Ni kisa cha bwana mkubwa wa Transylvania anayeishi miaka na miaka kwa kunywa damu ya watu, na anayesafiri kwa meli mpaka Uingereza kutafuta damu mpya. Welles mwenyewe aliigiza sauti mbili: ya Dracula na ya daktari mmoja wa wale wanaopambana naye.

Tukumbuke kwamba redio haina picha. Msikilizaji alipewa sauti tu: kwato za farasi, mlio wa mbwa mwitu, upepo, muziki. Mengine aliyamaliza mwenyewe ndani ya kichwa chake, na hofu ya kujitengenezea mwenyewe ndiyo kali kuliko zote. Kwa hiyo hadithi hizo zilipendwa mno. Mwaka 1940 michezo ya Columbia Workshop ilileta Carmilla, kisa cha binti mnyonya damu kilichoandikwa na Sheridan Le Fanu, pia wa Ireland, zaidi ya miaka sitini kabla ya hapo. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1952 kulikuwa na mfululizo wa vitisho ulioitwa Inner Sanctum, ambao kila ulipoanza ulisikika mlango unaolia kwa kukosa mafuta, polepole, na mwenyeji wa kipindi akawakaribisha watu ndani.

Mlango huo, ndugu zangu, ulikuwa na kazi kubwa kuliko kutisha. Ulimwambia msikilizaji: sasa tunaingia katika hadithi. Kabla ya Dracula kuanza, mtangazaji alitaja jina la mchezo na la mtunzi. Ulipokwisha, sauti ya kawaida ilirudi, kundi likatambulishwa, na ikajulikana kwamba kulikuwa na waigizaji mbele ya kipaza sauti na wapiga muziki pembeni. Hadithi ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Tena ilikuwa na mwenyewe: kama umeudhika, unajua pa kupeleka barua.

Sasa tazameni yaliyotokea mlango huo ulipofichwa. Tarehe 30 Oktoba mwaka ule ule wa 1938, kundi lile lile la Welles lilicheza kisa cha viumbe kutoka sayari ya Mars wanaoivamia dunia, na sehemu kubwa ya mchezo iliigizwa kama taarifa ya habari inayokatiza muziki. Waliofungua redio kwa kuchelewa hawakusikia utangulizi, na baadhi yao waliingiwa na hofu. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti yalikuza sana habari ya taharuki ile. Lakini miaka kumi baadaye hapakuwa na cha kukuza. Tarehe 12 Februari 1949, mjini Quito, Ecuador, kituo cha Radio Quito kilicheza kisa hicho hicho kwa Kihispania, kwa kutumia majina ya mahali ambapo wasikilizaji walipajua. Watu walikimbilia mitaani. Walipoambiwa kwamba ulikuwa mchezo tu, hofu ikageuka hasira, umati ukalichoma moto jengo la gazeti la El Comercio lililokuwa na kituo hicho, na watu wakafa.

Watu wa Quito walikuwa watu wa mji mkuu, wenye magazeti, shule na makanisa makubwa. Hawakuwa wajinga. Walichonyimwa ni kujua kwamba wanasimuliwa hadithi.

PAUKWA BILA PAKAWA

Sisi wa pwani tunaijua siri hii tangu zamani za bibi zetu. Msimulizi hakuanza hadithi kabla ya kusema "Paukwa!", na hakuendelea kabla ya kuitikiwa "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili watoto waliingia pamoja katika nchi ya mazimwi na majini, na hadithi ilipokwisha walirudishwa wote ukumbini, hakuna aliyeachwa huko. Hata mchezo wa redio wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao wengi wetu tuliusubiri kwa hamu, ulishika adabu hiyo hiyo: muziki wake wa kuanzia tuliujua, sauti za waigizaji tulizijua.

Mumiani hakupita mlango huo. Alikuja bila paukwa.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni katika Kiajemi na Kiarabu, nalo lilitaja kitu cheusi mfano wa utomvu au lami kilichouzwa madukani kama dawa ya majeraha na mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya jina la Johnson inaeleza dawa hiyo, na inaeleza pia kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Basi jina la dawa likahamia kwa mtengenezaji. Mumiani akawa mtu: anayewinda watu usiku, anayewatundika na kuwatoa damu, kwa ajili ya wakubwa.

Hadithi hii haikuwa yetu peke yetu. Nairobi na Kampala waliwaita watu hao wazimamoto, kwa kuwa kikosi cha kuzima moto kilikuwa na magari mekundu, ndoo na mipira mirefu, na kilikaa kikingoja moto ambao mara nyingi haukuja. Watu wakauliza: wanakaa wakifanya nini? Katanga waliitwa batumbula. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Profesa Luise White wa Marekani alikusanya masimulizi haya kwa miaka mingi, akayatolea kitabu mwaka 2000. Kabla yake, mwanaanthropolojia William Arens, aliyefanya utafiti Mto wa Mbu huko kaskazini mwa nchi yetu katika miaka ya 1960, aliandika jinsi yeye mwenyewe alivyodhaniwa kuwa mchinjachinja.

Na hadithi iliua. Mwaka 1947 mjini Mombasa umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, mahali ambapo sisi wa Kibiti twapafahamu kwa kuwa ndiko ndugu zetu wengi wanakoishi, ghasia zilizotokana na uvumi wa mumiani zilimalizika kwa kuuawa askari polisi. Redio ilikuwa imekwisha kufika nchini. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Lakini uvumi haukuhitaji mitambo. Ulikuwa na mitambo yake: kisima, soko, kilabu cha pombe, kivuko, kibaraza cha kunyolea nywele.

HOFU ILIYOKUWA NA MIZIZI

Wapendwa, tusiwacheke wazee. Hofu yao ilikuwa na mizizi, na mizizi hiyo imepita katika ardhi hii tunayoikanyaga.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa wakaiacha bahari, wakawaswaga mateka kwa miguu kuelekea kaskazini, sambamba na pwani, kupitia nchi ya Rufiji, mpaka njia hiyo nayo ilipopigwa marufuku mwaka 1876. Kwa hiyo palikuwa na watoto katika nchi hii waliosikia, kwa ukweli na si kwa hadithi, kwamba wageni huja, huchukua watu, na waliochukuliwa hawarudi. Kisha wakaja Wajerumani na kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipoanza kugawa maji yake, habari zilienea milimani Umatumbi kwa mnong'ono ambao wenyeji waliuita njwiywila: mtu kwa mtu, sikio kwa sikio, pasipo mkubwa kujua. Vita ya Majimaji iliyofuata iliua watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa. Miongoni mwa waliouawa mwanzoni kabisa alikuwamo Askofu wetu Cassian Spiss wa shirika la Mtakatifu Benedikto, aliyeuawa tarehe 14 Agosti 1905 akiwa safarini kuelekea bara, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Haikupita miaka kumi, na mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ikajificha katika mikoko ya delta hii, ikafuatwa na manowari za Waingereza na ndege zao, mpaka ikamalizwa Julai 1915. Vita ile ya wageni iliwabebesha wenyeji mizigo, na wengi wa wapagazi hawakurudi makwao.

Baada ya vita ikaja sindano. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali na wa misheni walizunguka vijijini wakitibu buba kwa sindano, na wengine wakipima damu kutafuta malale. Sindano ziliponya kweli. Lakini mtu aliyetozwa kodi, aliyepelekwa kazi asiyoichagua, ambaye hakuna mkubwa aliyewahi kukaa naye chini amweleze jambo, angemwelewaje mgeni anayekuja na gari, anatoa damu kidogo, anaiweka kwenye kichupa, anaondoka nayo? Alijieleza mwenyewe, kwa lugha aliyokuwa nayo: hawa wanakula nguvu zetu. Na kwa namna fulani hakukosea. Nguvu zake zilikuwa zinaliwa.

Hapa tunaona jambo la kwanza: uvumi huota pale ambapo ukweli haukusemwa. Mkubwa anayenyamaza analima shamba la mumiani.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tazameni ni nani aliyelipa. Gavana hakuguswa na jiwe. Mwenye shamba la mkonge hakuguswa. Aliyepigwa ni askari wa cheo cha chini, dereva, mpita njia, mgonjwa wa akili anayezurura, mgeni aliyeuliza njia kwa lafudhi ya kabila jingine. Hofu ina haki ya kuuliza. Lakini uvumi haupeleki swali kwa anayepaswa kujibu. Unampeleka mdogo machinjioni.

SIKU ZETU

Tungependa kusema kwamba hayo yamepita. Hayajapita. Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikapigwa kelele kwamba wanyonya damu wamefika. Wote watatu wakauawa, miili yao na gari lao vikachomwa moto. Na taarifa za wakati ule zilieleza jambo ambalo sisi wenye kusimama mimbarini hatuna budi kulisoma mara mbili: kwamba tangazo la kuwapo kwa wanyonya damu lilipitia kipaza sauti cha kanisa.

Tuliweke jambo hilo mioyoni mwetu. Kipaza sauti ambacho Jumapili kinatangaza amani, siku ile kilitumika kutangaza kifo. Watu hawakuusadiki uvumi kwa sababu ulikuwa na ushahidi. Waliusadiki kwa sababu ulivaa sauti waliyoizoea na kuiheshimu. Ni Quito tena, lakini safari hii pasipo hata mwigizaji mmoja.

Mwaka uliofuata, Septemba na Oktoba 2017, jirani zetu wa kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, walikumbwa na uvumi huo huo. Watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika maeneo hayo.

Nasi hapa Kibiti tuna kumbukumbu yetu. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na vitongoji, askari na raia wengine waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja karibu na Jaribu. Wale hawakuwa mumiani wa hadithi. Vilikuwa vifo vya kweli, na wajane na yatima wa kweli tunawafahamu, Waislamu kwa Wakristo. Lakini kila mtu aliyekuwapo anakumbuka jinsi muuaji asiye na sura anavyomfanya kila mwenye sura awe mshukiwa. Mvuvi aliyechelewa kurudi, mkata boriti aliyelala mikokoni, mgeni aliyeshuka gatini Nyamisati akingoja chombo cha kwenda Mafia: macho yalimfuata. Tulijifunza wakati ule kwamba kijiji kinaweza kupoteza kitu kingine zaidi ya watu wake. Kinaweza kupoteza desturi ya kumwambia mgeni karibu.

TULIOSINGIZIWA, TUKASINGIZIA

Ndugu zangu waamini, Kanisa lina historia yake katika jambo hili, nayo ina pande mbili. Ni haki tuzisome zote mbili.

Upande wa kwanza: sisi wenyewe tuliwahi kuitwa wanywa damu. Katika karne ya pili Wapagani wa Roma walisikia kwamba Wakristo hukutana alfajiri kwa faragha, na kwamba hula mwili na kunywa damu. Wakamalizia wenyewe hadithi: kwamba tunachinja watoto wachanga. Tertuliano wa Karthago, mtu wa Afrika hii hii, aliandika utetezi wake karibu na mwaka 197, akiwakejeli wanaohukumu bila kuchunguza. Naye Minusio Felisi aliandika juu ya singizio hilo hilo. Mashahidi walikufa hali majirani zao wakiamini kwamba wanaliondoa zimwi. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1930, Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walishukiwa na baadhi ya wenyeji wa Rhodesia ya Kaskazini kuwa banyama. Kitabu cha Profesa White kina sura nzima juu yao.

Upande wa pili: Wakristo, wajukuu wa wale waliosingiziwa, waliligeuza singizio lile lile likawa fimbo ya kuwapigia Wayahudi. Mwaka 1144 kijana aitwaye William alikutwa amekufa karibu na Norwich, Uingereza, na baadaye ikasemwa kwamba Wayahudi walimwua kwa ibada. Uvumi huo ukatembea Ulaya, ukaongezwa habari za damu, ukaua watu mji kwa mji. Mwaka 1247 Papa Inosenti wa Nne aliandika barua za kulikemea singizio hilo la damu na kuwatetea Wayahudi. Hata hivyo, mwaka 1475 huko Trento Wayahudi waliteswa na kuuawa kwa ajili ya kifo cha mtoto Simoni, na mtoto huyo akaheshimiwa kama shahidi mpaka Kanisa lilipoifuta heshima hiyo mwaka 1965, mwaka ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko lake juu ya dini zisizo za Kikristo.

Miaka 490, ndugu zangu! Papa alikwisha kusema, nyaraka zilikuwapo, na bado uvumi ulikaa altareni karibu karne tano. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba mumiani ni ugonjwa wa Mwafrika wa kijijini. Ni ugonjwa wa binadamu yeyote anayeacha kuuliza, "Nani kasema?"

TUFANYE NINI?

Tuna methali mbili ambazo hazipatani. Moja husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili husema: za kuambiwa, changanya na zako. Ile ya kwanza ndiyo mama wa mumiani. Inampa uvumi cheti cha ukweli kabla haujahojiwa. Ile ya pili ndiyo iliyo karibu na Maandiko. Kumbukumbu la Torati (19:15) linakataa mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inamhesabia kosa la hukumu ya harakaharaka mtu anayekubali, hata kimoyomoyo na pasipo msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ana hatia. Angalieni: hata kimoyomoyo. Anayepokea uvumi na kuutunza tayari ameanza safari.

Leo kibaraza kimehamia katika simu. Ujumbe wa sauti unafika saa nne usiku, sauti ya mama anayelia, anasema watoto wanaibwa, gari jeupe limeonekana. Hausemi ni kijiji gani wala ni siku gani. Hauna paukwa, hauna mwenyewe, hauna mlango wa kutokea. Tunawaomba waamini wetu, na hasa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, washike desturi tatu. Kwanza, kabla ya kuupeleka ujumbe mbele, uliza nani kasema, wapi, lini. Ukikosa majibu, ufie kwako. Pili, mgeni akishukiwa, apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, akiwa mzima, na mtu wa jumuiya aende naye. Tatu, kipaza sauti cha kanisa, cha kigango na hata cha harusi kisitangaze kamwe shutuma juu ya mtu. Na sisi wenye kazi ya kuongoza, wa dini na wa serikali, tuwaeleze watu mapema: nani anakuja, anapima nini, damu au udongo unapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini. Kuanzia mwaka 1998 watafiti wa afya waliingia katika kaya za Rufiji na kuuliza maswali ya nyumbani kabisa. Kazi ya namna hiyo haiwezekani pasipo watu kuelezwa.

Wala tusidhani kwamba dawa ya hadithi mbaya ni kunyamazisha hadithi zote. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliishi ovyo mpaka akapatwa na UKIMWI. Ulikuwa mchezo, kila mtu alijua ni mchezo, na watu wengi walikiri kwamba uliwafanya wazungumze majumbani mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza. Na yale yalikuwa mambo ya damu. Hadithi iliyo na mwenyewe inaweza kutisha na bado ikaponya.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, unategemea watu wanaojitolea damu kwa hiari. Mtu mzima mwenye afya ana damu ya kama lita tano; anayejitolea hutoa chini ya nusu lita, nayo hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Mwanamume aweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Lakini timu ya damu inapofika, bado wapo wanaonong'ona kwamba damu hiyo inauzwa, na wapo wanaokaa nyumbani kwa sababu ya mnong'ono huo. Wakati huo huo, mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua katika kijiji cha delta hana budi kungoja maji yajae ndipo mtumbwi upite mtoni. Akifika hospitali na kuikuta benki ya damu tupu, hakuna mumiani aliyemwua. Ameuawa na hadithi ya mumiani.

Wapendwa, yule bwana wa Transylvania huchukua damu ya wengine ili yeye aishi. Bwana wetu alitoa ya kwake ili wengine waishi, na kila Jumapili twakinyanyua kikombe hicho mbele ya macho ya wote, mchana, milango ikiwa wazi. Wenye kukinywea kikombe hicho hawawezi kuwa watu wa kumwaga damu ya mgeni kwa neno la kusikia, wala watu wa kuogopa kutoa damu kidogo kwa ajili ya mama wa jirani, awe wa dini yetu au asiwe. Timu ya damu salama itakapofika tena, tuonane pale, na wasiwasi wa kila mmoja ujibiwe hapo hapo.

Tuwaombee marehemu wote waliouawa kwa uvumi, na waliouawa katika ardhi yetu hii katika miaka ile ya giza. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.